Matt Busby: Mlezi wa vipaji aliyepoteza vijana wake, akaanza upya

USIKU wa Februari 19, 1958, watu wapatao 60,000 waliingia katika Uwanja wa Old Trafford mjini Manchester, Uingereza, kuitazama timu ambayo karibu hakuna aliyeijua. Katika kitabu cha mechi kilichouzwa usiku huo, upande wa wageni, Sheffield Wednesday, ulikuwa na majina 11. Upande wa Manchester United ulikuwa na nafasi 11 zilizoachwa wazi.

Zilikuwa zimepita siku 13 tangu ndege iliyowachukua wachezaji wa klabu hiyo ilipoanguka mjini Munich, Ujerumani. Saba kati yao walikuwa wamekwisha kufa na wa nane alikuwa akipigania maisha yake. Kocha wao, Matt Busby, alikuwa amelazwa katika hospitali hiyo hiyo akiwa mahututi.

Mechi ilichezwa na United ikashinda mabao 3-0. Mawili kati ya mabao hayo yalifungwa na Shay Brennan, kijana wa miaka 20 ambaye hakuwahi kuichezea timu ya kwanza hata siku moja.

Brennan hakuwa ameokotwa barabarani. Alikuwa amelelewa ndani ya klabu kwa miaka kadhaa, akafundishwa mchezo ule ule waliofundishwa wale waliokufa. Nyumba ilikuwa imeungua, lakini ghalani mlikuwa na mbegu. Aliyeiweka mbegu hiyo ni Busby, mtu ambaye maisha yake yote ya ukocha yalijengwa juu ya kazi moja: kumtazama kijana na kutambua anaweza kuwa nani.

Mtoto wa mgodini

Alexander Matthew Busby alizaliwa Mei 26, 1909 katika kijiji cha Orbiston, karibu na mji wa Bellshill, Scotland. Hicho kilikuwa kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe, na kama ilivyokuwa kwa familia nyingi za huko, baba yake naye alikuwa mchimbaji.

Vita Kuu ya Kwanza iliwachukua wanaume wengi wa kijiji hicho, akiwamo baba yake, ambaye aliuawa mwaka 1917 huko Arras, Ufaransa. Matt alikuwa hajatimiza miaka minane. Tangu siku hiyo akawa mwanamume pekee katika nyumba ya mama yake, Helen, na wadogo zake wa kike.

Akiwa kijana alishuka mgodini kama wenzake. Mama yake alikuwa na mipango ya kuihamishia familia nzima Marekani, na wakati wakisubiri ruhusa ya kuondoka, klabu ya Manchester City ikabisha hodi. Februari 1928 Busby, akiwa na umri wa miaka 18, alisaini mkataba wa mwaka mmoja kwa ujira wa pauni tano kwa wiki. Safari ya Marekani ikaishia hapo.

Hata hivyo, mambo hayakwenda kama ilivyotarajiwa. City walimpanga kama mshambuliaji wa ndani, nafasi iliyokuwa kati ya winga na mshambuliaji wa kati, naye akashindwa kung'ara. Alikuwa mzito wa kasi, akaandamwa na majeraha na kuyakumbuka mno ya nyumbani. Kwa zaidi ya miaka miwili alihesabiwa kuwa mchezaji asiye na mbele, na mwenyewe alifikia kuwaza kufungasha na kurudi Scotland.

Kilichomwokoa ni bahati. Siku moja timu ya akiba ilipungukiwa kiungo wa upande wa kulia, naye akasukumwa kuziba pengo hilo. Hapo ndipo ilipobainika kwamba kijana huyo alikuwa na jicho la kuuona uwanja mzima na pasi za kuwalisha wenzake, mradi acheze akiwa na uwanja mbele yake, si mgongoni.

Miaka minne baadaye, mwaka 1934, kiungo huyo huyo alikuwa Wembley akitwaa Kombe la FA na City. Alikuwa amekwisha kuichezea Scotland dhidi ya Wales mwaka 1933, na mwaka 1936 Liverpool walimnunua kwa pauni 8,000. Huko alikuwa nahodha, na mmoja wa vijana waliofika mwaka 1939 na kupokewa naye vizuri ni Bob Paisley, ambaye baadaye alikuja kuwa kocha mashuhuri wa Liverpool.

Busby hakuisahau miaka ile miwili ya kudharauliwa. Mchezaji aliyekuwa karibu kurudishwa mgodini hakuwa amebadilika mwili wala akili. Kilichobadilika ni mahali aliposimama uwanjani. Somo hilo lilikuja kuwa msingi wa kazi yake: kabla ya kumhukumu kijana kuwa hafai, sharti kwanza iulizwe kama amewekwa panapomfaa.

Sharti la Busby

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Busby alijiunga na jeshi na kuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Alipokuwa Bari, kusini mwa Italia, akiwa na timu ya jeshi, alimsikia askari mmoja wa Wales akiwafundisha wenzake soka. Mtu huyo aliongea kwa moto kiasi kwamba waliomzunguka walisahau kuwa walikuwa vitani. Alikuwa Jimmy Murphy, kiungo wa zamani wa West Bromwich Albion. Busby alimwahidi kazi pale pale, ingawa yeye mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anaingia katika kazi hiyo.

Februari 1945, akiwa na miaka 35, Busby alikubali kuwa kocha wa Manchester United. Klabu aliyoipokea ilikuwa na madeni, na uwanja wake ulikuwa umebomolewa na mabomu ya Ujerumani mwaka 1941. Hadi mwaka 1949 United ililazimika kucheza mechi zake za nyumbani Maine Road, kwa jirani zao City.

Pamoja na hali hiyo, Busby alitoa sharti ambalo halikuwa la kawaida enzi hizo. Katika klabu nyingi wakurugenzi ndio walioamua nani acheze na nani anunuliwe. Busby alitaka mamlaka hayo yawe yake peke yake, na alitaka mkataba wa miaka mitano badala ya mitatu aliyopewa kwanza, kwa kuwa alijua kwamba timu haijengwi kwa siku mbili. Mwenyekiti wa klabu, James Gibson, alikubali.

Ni haki pia kusema kwamba wazo la kulea vijana hakulianzisha Busby. Gibson na katibu wa klabu, Walter Crickmer, walikuwa wameanzisha klabu ya vijana ya United kabla ya vita, mwishoni mwa miaka ya 1930. Alichofanya Busby ni kulichukua wazo hilo na kulifanya kuwa uti wa mgongo wa klabu.

Kwanza alianza na wachezaji aliowakuta. Johnny Carey, aliyekuwa mshambuliaji wa ndani, alimrudisha nyuma akawa beki na nahodha mwenye kuheshimika. John Aston, naye mshambuliaji, akamgeuza kuwa beki wa kushoto. Timu hiyo ilitwaa Kombe la FA mwaka 1948 kwa kuifunga Blackpool 4-2, na mwaka 1952 ikaleta ubingwa wa kwanza wa ligi tangu mwaka 1911.

Sherehe zilipokwisha, Busby alitazama umri wa wachezaji wake na kuona kwamba wengi wao walikuwa wanaelekea ukingoni. Wengine katika nafasi yake wangefungua pochi. Yeye aligeukia chekechea yake.

Jicho, mikono na muda

Kazi ya kuwapata vijana ilianza kwa wasaka vipaji, wakiongozwa na Joe Armstrong, mtu mpole aliyesafiri kutoka mji hadi mji akitazama mechi za shule. Ni yeye aliyemwona Bobby Charlton mapema mwaka 1953 kaskazini mwa Uingereza, kabla klabu nyingine nyingi hazijaanza kupanga foleni nyumbani kwa mtoto huyo.

Busby alitanguliza umahiri wa kuutawala mpira na akili ya mchezo. Umbo halikuwa kigezo cha kwanza, kwani mwili wa mtoto hukua na nguvu huongezwa kwa mazoezi. Eddie Colman, mzaliwa wa Salford, jirani kabisa na uwanja, alikuwa mfupi na mwembamba, lakini nyonga zake zilipoyumba mabeki walikwenda upande na yeye akapita upande wa pili. Nobby Stiles, aliyekuja baadaye, alikuwa mfupi na asiyeona vizuri, akalazimika kuvaa lenzi machoni. Mwaka 1966 alikuwamo katika kikosi cha Uingereza kilichotwaa Kombe la Dunia.

Kigezo kingine kilikuwa tabia, na hapo ndipo familia ilipoingia. Busby na wasaidizi wake walikwenda majumbani, wakaketi na wazazi, wakaeleza mtoto atalala wapi, atakula nini na nani atamwangalia. Mama yake Charlton hakuwa na imani na kazi ya mpira, kwa hiyo kijana huyo alipofika Manchester alianza kwa kujifunza ufundi wa umeme, akifanya mazoezi jioni. Vijana waliotoka mbali waliwekwa katika nyumba za akina mama wa mjini waliowapikia na kuwafulia kama watoto wao.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya Murphy na Bert Whalley, mchezaji wa zamani wa klabu. Timu za vijana, timu ya akiba na timu ya kwanza zilikuwa ngazi za jengo moja, zikifundishwa mchezo wa aina moja, ili kijana akipanda asijikute ugenini. Busby alikuwa mtulivu, mwenye kusema machache. Murphy alikuwa moto, mwenye kupaza sauti na kutoa jasho pamoja na wanafunzi wake.

Charlton alifika akiwa na mguu wenye kombora na tabia ya kupiga pasi ndefu zilizoshangiliwa na watazamaji. Murphy alimchukua peke yake mchana baada ya mchana, akamfundisha thamani ya pasi fupi na ya kuomba mpira tena baada ya kuutoa. Tathmini haikuishia katika kusema kijana huyu anafaa au hafai. Ilikuwa kubaini anachokosa, kisha kukaa naye hadi akipate.

Matunda yalionekana haraka. Kombe la FA la Vijana lilipoanzishwa msimu wa 1952-53, United walilitwaa kwa kuichapa Wolves jumla ya mabao 9-3 katika fainali ya mechi mbili. Walilitwaa tena mwaka uliofuata, na uliofuata, hadi ikatimia miaka mitano mfululizo.

Aliyetia fora kuliko wote alikuwa Duncan Edwards kutoka mji wa Dudley. Aliingia timu ya kwanza Aprili 1953 akiwa na miaka 16, na miaka miwili baadaye akaichezea Uingereza akiwa na miaka 18. Aliweza kucheza kama beki, kiungo au mshambuliaji, na katika kila nafasi akawa bora kuliko mwenye nafasi yake.

Oktoba 1953 Busby alichukua uamuzi ambao wengi waliuona kuwa wa hatari. Baada ya kuwatazama vijana wake wakishinda mechi ya kirafiki huko Kilmarnock, Scotland, aliwapanga kadhaa wao kwa pamoja katika mechi ya ligi dhidi ya Huddersfield. Mechi iliisha bila bao, lakini vijana hawakurudishwa tena nyuma. Magazeti yakawabandika jina la watoto wa Busby, jina ambalo mwenyewe hakulipenda.

Busby hakuwa mtumwa wa wazo lake. Pale chekechea ilipokosa mtu, alinunua. Mwaka 1953 alimnunua mshambuliaji Tommy Taylor kutoka Barnsley kwa pauni 29,999. Inasimuliwa kwamba pauni moja iliyobaki kutimiza 30,000 alimpa mwanamke aliyekuwa akiwahudumia chai, ili kijana asibebe mzigo wa bei hiyo kubwa mgongoni.

Mwaka 1956 United walitwaa ubingwa wa ligi wakiwa mbele kwa pointi 11, kikosi kikiwa na wastani wa umri wa miaka 22 hivi. Ni wawili tu, Roger Byrne na Johnny Berry, waliokuwamo katika kikosi cha ubingwa wa 1952. Mwaka 1957 walitwaa tena.

Njia ya Ulaya

Ubingwa wa 1956 ulifungua mlango wa Kombe la Klabu Bingwa ya Ulaya, mashindano yaliyokuwa yameanzishwa mwaka mmoja kabla. Wasimamizi wa ligi ya Uingereza hawakuyataka. Mwaka 1955 waliishawishi Chelsea isishiriki, na sasa wakaitaka United nayo ikae nyumbani. Busby alikataa. Aliamini kwamba vijana wake hawawezi kufahamu ukubwa wao bila kupimwa na walio bora barani.

Septemba 1956 waliifunga Anderlecht ya Ubelgiji mabao 10-0. Katika nusu fainali walitolewa na Real Madrid ya Hispania, mabingwa watetezi. Msimu uliofuata walirudi, na Februari 5, 1958 walitoka sare ya 3-3 na Red Star mjini Belgrade, Yugoslavia, wakaingia nusu fainali kwa jumla ya mabao 5-4.

Jumamosi ya wiki hiyo walikuwa na mechi ya ligi dhidi ya Wolves, na ligi haikuwa na subira na klabu inayochelewa kurejea kutoka Ulaya. Klabu ilikodi ndege. Februari 6 ilitua Munich kujaza mafuta huku theluji ikianguka. Rubani alijaribu kuruka mara mbili akashindwa. Mara ya tatu ndege haikupata kasi ya kutosha kwa sababu ya theluji iliyoyeyuka na kutuama mwishoni mwa njia, ikapita uzio na kugonga nyumba.

Watu 23 walikufa kati ya 44 waliokuwamo. Wachezaji walikuwa wanane: Byrne, Colman, Taylor, Geoff Bent, Mark Jones, David Pegg, Liam Whelan na Duncan Edwards, aliyekata roho hospitalini Februari 21 akiwa na miaka 21. Isipokuwa Taylor, wote hao hawakuwahi kuichezea klabu nyingine ya kulipwa. Walikufa pia Whalley, mwalimu wa vijana, pamoja na Crickmer, katibu wa klabu, na Tom Curry, aliyesimamia mazoezi ya timu. Berry na Jackie Blanchflower walinusurika, lakini hawakucheza tena.

Murphy hakuwamo. Alikuwa pia kocha wa Wales, na siku hizo alikuwa Cardiff kwa mechi dhidi ya Israel. Aliporudi Old Trafford ndipo alipopata habari. Ni yeye aliyekusanya vijana wa akiba na wachezaji wachache wa kununuliwa na kuipeleka timu uwanjani ile Februari 19. Timu hiyo ya kuungaunga ilifika hadi fainali ya Kombe la FA Mei mwaka huo, ikafungwa 2-0 na Bolton.

Mzigo wa mlezi

Busby alipewa sakramenti ya wagonjwa mara mbili. Alipopata nafuu na kuelezwa waliokufa, majeraha ya mwili yakawa madogo. Yeye ndiye aliyewaambia wazazi wale kwamba watoto wao watakuwa salama mikononi mwake. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania kwenda Ulaya wakati wakubwa wa ligi wakisema wasiende.

Sheria haikumtia hatiani, wala wazazi hawakumnyooshea kidole. Lakini alijilaumu, na kwa muda aliapa kutorudi tena katika soka. Mkewe, Jean, ndiye aliyemshawishi, akimkumbusha kwamba waliokufa wangependa kazi iendelee. Mei 1958 alionekana Wembley akiwa na fimbo, akiitazama timu ambayo hakuipanga yeye.

Huo ndio upande wa ulezi wa vipaji ambao hauonekani katika jedwali la ligi. Kocha anayemnunua mchezaji aliyekwisha kukomaa hununua miguu. Anayemchukua mtoto wa miaka 15 kutoka kwa mama yake huchukua dhamana ya maisha yake yote. Busby aliijua dhamana hiyo kabla ya Munich. Baada ya Munich aliibeba hadi kaburini.

Kuanza upya kulichukua muda. Safari hii alilazimika kununua zaidi, kwa sababu kizazi kizima kilikuwa kimekatika. Denis Law alikuja mwaka 1962 kutoka Torino ya Italia kwa pauni 115,000. Msimu wa 1962-63 United ilimaliza ikiwa ya 19 katika ligi ya timu 22, ingawa ilitwaa Kombe la FA. Lakini chekechea haikufungwa, na mwaka 1964 vijana wakaleta tena Kombe la FA la Vijana.

Kipaji kilichomshinda

Miongoni mwao alikuwamo George Best wa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Alikuwa mdogo wa umbo kiasi kwamba klabu ya nyumbani kwao haikumtaka. Msaka vipaji Bob Bishop alimpeleka Manchester mwaka 1961 akiwa na miaka 15, na mara tu baada ya kufika akatoroka kurudi kwao kwa upweke. Busby, aliyeujua upweke huo tangu ujana wake pale City, hakumkemea. Aliwasiliana na baba yake, na kijana akarudi.

Inaelezwa kwamba Busby aliwataka walimu wasiubadilishe mchezo wa Best. Aliona kwamba kuna vijana wanaohitaji kufundishwa na kuna wanaohitaji kuachwa. Best aliingia timu ya kwanza mwaka 1963 akiwa na miaka 17, na ubingwa wa ligi wa 1965 na 1967 ulikuwa na alama ya miguu yake.

Lakini hapo pia ndipo palipoonekana mpaka wa uwezo wa Busby. Mishahara ilikuwa imefunguliwa tangu mwaka 1961, na Best alipata fedha na umaarufu ambao Edwards na Colman hawakuwahi kuuota. Pombe na starehe vilimvuta, na upole wa Busby haukutosha kumzuia. Aliondoka United mwaka 1974 akiwa na miaka 27, umri ambao wengi ndiyo kwanza hufikia kilele, akafariki dunia Novemba 2005. Jicho lililokiona kipaji halikupata dawa ya kukilinda.

Wembley, 1968

Mei 29, 1968, miaka kumi baada ya Munich, United walikutana na Benfica ya Ureno katika fainali ya Kombe la Ulaya mjini London. Benfica ilikuwa na Mario Coluna na Eusebio, wote wawili wazaliwa wa Msumbiji, na Eusebio alikuwa miongoni mwa washambuliaji wa kuogopwa zaidi duniani.

Dakika 90 ziliisha kwa sare ya 1-1, baada ya kipa Alex Stepney kulizuia kombora la Eusebio dakika za mwisho. Katika muda wa nyongeza United walifunga mara tatu. Best alipachika la pili. La tatu likafungwa na Brian Kidd, kijana wa Manchester aliyekuwa akitimiza miaka 19 siku hiyo hiyo. Na Charlton, aliyenusurika Munich, akafunga la nne, lake la pili usiku huo. Mwingine aliyenusurika, Bill Foulkes, alicheza kama beki wa kati.

Law hakuwapo, alikuwa hospitalini kwa goti. Kati ya 11 waliocheza, wanane walikuwa wameanza soka yao ya kulipwa chini ya Busby. Winga wa kushoto alikuwa John Aston, mtoto wa yule Aston ambaye Busby alimgeuza kuwa beki miaka 20 iliyopita. Beki wa kulia alikuwa Shay Brennan, yule yule wa Februari 19, 1958.

Mwaka huo Busby alipewa cheo cha heshima na Malkia, akaitwa Sir Matt. Aliachia ukocha mwaka 1969. Kikosi alichokiacha kilikuwa kimezeeka, na warithi wake walifanya kazi chini ya kivuli chake kwa kuwa alibaki ndani ya klabu. Alirudi kwa muda mfupi kati ya Desemba 1970 na mwaka 1971. Mwaka 1974 United ilishuka daraja. Mtu aliyejua kuandaa wachezaji wa kurithi wachezaji hakufanikiwa kuandaa kocha wa kumrithi.

Aliishi hadi kuiona klabu yake ikitwaa tena ubingwa wa ligi mwaka 1993, baada ya miaka 26. Alifariki dunia Januari 20, 1994 akiwa na miaka 84, na akazikwa mjini Manchester.

Siku mbili baadaye United walicheza na Everton Old Trafford. Timu ziliongozwa kuingia uwanjani na mpiga zumari mmoja wa Kiskochi, na maelfu ya watu wakasimama kimya. United ilishinda 1-0. Bao hilo lilifungwa na Ryan Giggs, kijana wa miaka 20 aliyekulia Salford, mji wa Eddie Colman, na ambaye klabu ilikuwa imemlea tangu akiwa mwanafunzi wa shule.